Kukadiria ukinzani wa mawimbi kwa vyombo vya Ziwa Victoria: kutoka upepo hadi nguvu ya injini

Fundi wa boti anapoulizwa "hii itataka injini ya farasi ngapi?", mara nyingi jibu hutoka kwenye boti ya jirani. Njia hiyo inafanya kazi ziwa likiwa shwari. Alasiri upepo ukishaamka, boti iliyokuwa ikikata maji vizuri kutoka Mbita kwenda Takawiri inaanza kuhema, petroli inaisha kabla ya wakati, na lawama zinaenda kwa propela. Kinachokula nguvu hapo ni ukinzani wa ziada: ile sehemu ya ukinzani inayoletwa na mawimbi, juu ya ule wa maji matulivu. Unaweza kuukadiria kwa hesabu, na sehemu kubwa ya hesabu hiyo inatosha kwenye lahajedwali.

Nitatumia vyombo viwili. Cha kwanza ni boti ya abiria ya mbao yenye urefu wa mita 11 kwenye usawa wa maji, upana mita 2, kuzama mita 0.45, na mgawo wa umbo wa 0.45 (sehemu ya sanduku la urefu × upana × kuzama ambayo boti inaijaza), yaani inasukuma karibu mita za ujazo 4.5 za maji. Cha pili ni feri ya mabehewa ya mita 92 kwa upana wa mita 16. Watu wa Kisumu wanajua ukubwa huo: MV Uhuru, iliyoundwa na kampuni ya Yarrow huko Scotland na kuunganishwa upya hapa Kisumu miaka ya 1960, ina urefu wa karibu kiasi hicho.

Hatua ya 1: Anza na upepo, programu zisubiri

Wanafunzi wengi huanza kwa kupakua programu. Mimi nakushauri uanze na ramani na rula. Ukinzani wa ziada hukua kwa mraba wa kimo cha wimbi. Ukikosea kimo kwa kuweka mita 0.58 pale palipo na 0.70, umekosea ukinzani kwa karibu asilimia 31, na hakuna programu itakayokuokoa.

Chora mstari kutoka mahali boti itakapopita, ukielekea upepo unakotoka, hadi ufike nchi kavu au kisiwa. Huo ndio umbali wazi, uite F, kwa mita. Kasi ya upepo kwa kimo cha mita 10 juu ya maji iite U, na g ni 9.81. Fomula zilizotokana na vipimo vya JONSWAP vya Bahari ya Kaskazini, ambazo wahandisi wa pwani wamezitumia kwa miongo mingi, zinasema:

H = 0.0016 × U × √(F/g)

T = 0.286 × (U/g) × (gF/U²)^(1/3)

H ni wastani wa kimo cha theluthi ya mawimbi makubwa zaidi, na T ni kipindi cha mawimbi yenye nguvu zaidi, kwa sekunde. Kipo cha tatu ambacho watu husahau, nacho ni muda ambao upepo lazima uvume ili mawimbi yakue kiasi hicho:

t = 68.8 × (U/g) × (gF/U²)^(2/3)

Sasa weka namba za huku kwetu. Upepo wa alasiri wa mita 8 kwa sekunde, kilomita 20 za maji wazi ndani ya Ghuba ya Winam: H inatoka mita 0.58, T sekunde 3.4, na muda unaohitajika ni saa 3.3. Upepo wa ziwa wa alasiri unaweza kudumu hivyo, kwa hiyo namba inakubalika.

Dhoruba ni hadithi nyingine. Tuseme upepo wa mita 15 kwa sekunde unavuma kwa saa moja tu kisha unakufa. Hapo umbali wazi hauna maana tena, kwa sababu mawimbi hayakupata muda wa kukua. Geuza fomula ya tatu upate umbali unaolingana na huo muda: gF/U² = (gt/68.8U)^1.5. Inatoka kilomita 4.6. Ukiurudisha kwenye fomula mbili za kwanza unapata H ya mita 0.52 na T ya sekunde 2.6.

Angalia vizuri. Dhoruba ina upepo karibu mara mbili, lakini kimo cha mawimbi yake ni kidogo kuliko kile cha alasiri ya kawaida. Kilichobadilika ni urefu. Mawimbi ya alasiri yana urefu wa karibu mita 17.5 kutoka kilele hadi kilele; ya dhoruba yana mita 10.2. Boti yetu ina mita 11. Tutarudi hapo.

Kwa feri inayotoka nje ya ghuba, chukua upepo wa mita 10 kwa sekunde na kilomita 60: H mita 1.25, T sekunde 5.3, urefu mita 43, na upepo uwe umevuma zaidi ya saa 6.

Urefu wa wimbi kwenye maji ya kina kirefu ni 1.56 × T². Ghuba ya Winam ni ya kina kifupi, kwa hiyo zidisha kwa tanh(2π × kina ÷ urefu) na urudie mara mbili tatu hadi namba itulie. Kwa mita 6 za maji, mawimbi ya alasiri yanapungua kutoka mita 17.9 hadi 17.5. Si tofauti ya kukukosesha usingizi. Kwa vipindi virefu itakuwa kubwa zaidi.

Onyo kuhusu data: kipimo cha upepo kilichochukuliwa uwanja wa ndege au mjini ni cha nchi kavu. Juu ya maji hakuna miti wala mabati ya kuupunguza kasi. Ukitumia namba ya nchi kavu kama ilivyo, uwezekano mkubwa ni kwamba utapata mawimbi madogo kuliko yaliyopo.

Hatua ya 2: Gawanya urefu wa wimbi kwa urefu wa chombo

Namba hii moja ndiyo inayokuchagulia njia ya hesabu.

Feri: 43 ÷ 92 = 0.47. Mawimbi ni mafupi kuliko nusu ya chombo. Feri haichezi, inayapiga kwa omo na kuyarudisha. Ukinzani wa ziada hapa unatokana na mawimbi kurudishwa nyuma.

Boti wakati wa alasiri: 17.5 ÷ 11 = 1.6. Boti inapanda na kushuka pamoja na wimbi, imepita kidogo eneo baya.

Boti wakati wa dhoruba: 10.2 ÷ 11 = 0.93. Hapa ndipo kwenye tatizo. Kwa vyombo vingi vinavyokwenda kwa kasi ya wastani, mchoro wa ukinzani wa ziada hufika kileleni pale urefu wa wimbi unapokaribiana na urefu wa chombo au kuuzidi kidogo. Omo inazama kilele kikija, tezi inanyanyuka, na boti inatengeneza mawimbi yake yenyewe kwa kule kucheza. Nishati ya kuyatengeneza inatoka kwenye tangi lako la petroli.

Hakikisha kwa njia ya pili, ambayo ni kipindi cha kukutana na mawimbi. Boti ikienda mita 3.1 kwa sekunde (noti 6) kuelekea mawimbi, marudio ya kukutana ni ωe = ω + kV, ambapo ω = 2π/T, k = 2π ÷ urefu wa wimbi, na V ni kasi ya boti. Alasiri boti inakutana na wimbi kila sekunde 2.1, kwenye dhoruba kila sekunde 1.4. Kipindi asilia cha boti hii kupanda na kushuka, ukichukua eneo la usawa wa maji la mita za mraba 15.4 na kuongeza uzito wa maji yanayotikiswa pamoja nayo, ni karibu sekunde 1.6. Dhoruba inaigonga boti karibu kabisa na mdundo wake.

Hatua ya 3: Ukinzani wa maji matulivu

Hatua hii ni fupi, vitabu vimeijaa. Tangu William Froude alipojenga tangi lake la majaribio Torquay, Uingereza, mwaka 1872, ukinzani hugawanywa: msuguano kando, mawimbi ya chombo chenyewe kando. Msuguano unapatikana kwa mstari wa 1957 wa ITTC, mkutano wa kimataifa wa matangi ya majaribio: Cf = 0.075 ÷ (log Re − 2)², ambapo Cf ni mgawo wa msuguano na Re ni namba ya Reynolds, yaani kasi × urefu ÷ mnato. Kwa feri, tumia njia ya Holtrop na Mennen, fomula za kukadiria ukinzani kutokana na vipimo vya meli, kwa jumla yote.

Jambo la kuzingatia huku ni kwamba ziwa ni maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Programu nyingi huja zimewekwa uzito wa maji ya bahari, kilo 1,025 kwa mita ya ujazo. Badilisha uweke 997 kwa nyuzi 25, na mnato wa 0.893 × 10⁻⁶.

Boti yetu ina eneo lililolowa la karibu mita za mraba 18.3. Kwa mita 3.1 kwa sekunde, msuguano unatoka nyutoni 211. Ukiongeza umbo na mawimbi yake yenyewe, tuseme 350 kwa jumla.

Hesabu pia V ÷ √(g × kina). Kwa boti ndani ya mita 6 inatoka 0.40, hakuna shida. Kwa feri ya noti 12 kwenye kina hichohicho inatoka 0.80, na hapo ukinzani wa maji matulivu wenyewe unapanda sana na chombo kinakaa chini zaidi majini. Nahodha wa feri hupunguza kasi ndani ya ghuba kwa sababu hiyo, hata siku isiyo na wimbi lolote.

Hatua ya 4: Feri, kwa mstari mmoja

Kwa chombo kikubwa kinachopokea mawimbi mafupi kutoka mbele, kuna fomula ya STAWAVE-1 iliyomo kwenye kiwango cha ISO 15016 cha majaribio ya meli:

R = (1/16) × ρ × g × H² × B × √(B/Lb)

ρ ni uzito wa maji kwa mita ya ujazo, B ni upana, L ni urefu wa chombo, Lb ni urefu wa sehemu ya omo kwenye usawa wa maji, kutoka ncha hadi pale upana unapofikia asilimia 95 ya upana wote. Masharti: mawimbi yatoke mbele ndani ya nyuzi 45 kila upande, chombo kisiwe kinacheza sana, na H isizidi 2.25 × √(L/100). Kwa mita 92 kikomo ni mita 2.16, sisi tuna 1.25, tuko ndani.

Tukiweka Lb ya mita 20, R inatoka kilonyutoni 13.7. Kwa noti 12 hiyo ni kilowati 85 hivi kabla ya hasara za propela. Feri imemalizika.

Usiitumie fomula hii kwa boti ya mita 11. Itakupa namba, tena namba nzuri ya kuvutia, lakini imeacha kando mchezo wa boti ambao ndio chanzo cha tatizo lote.

Hatua ya 5: Boti, kwa nadharia ya vipande

Wazo ni kuikata boti kama mkate, vipande 20 au zaidi kutoka omo hadi tezi, na kuhesabu kila kipande kinavyosukuma maji kikipanda na kushuka, kisha kujumlisha. Salvesen, Tuck na Faltinsen waliipa umbo linalotumika hadi leo mwaka 1970. PDSTRIP ni programu ya bure ya aina hii.

Andaa vipande kwa kipimo halisi. Michoro ya boti za mbao mara nyingi haipo, kwa hiyo ipandishe boti ufukweni, nyoosha kamba kutoka omo hadi tezi kama mstari wa katikati, na kila nusu mita pima upana kwa vimo vitano juu ya mkuku kwa kutumia timazi na futi ya chuma. Karibu na omo pima kila robo mita, kwa sababu hapo ndipo ukinzani mwingi unapozaliwa. Pima pia mahali uzito ulipo ikiwa na abiria, si ikiwa tupu: magunia yakirundikwa mbele, mchezo mzima unabadilika.

Programu ikishakupa mwendo wa boti, ukinzani wa ziada unapatikana kwa njia ya Gerritsma na Beukelman ya 1972, ambayo naipenda kwa sababu unaweza kuiona ikifanya kazi:

R = k/(2ωe) × jumla ya (b′ × Vz² × dx)

Vz ni kasi ya wima ya kipande ukilinganisha na uso wa maji ulio chini yake, na b′ ni unyonyaji wa nishati wa kipande hicho, ukiwa umesahihishwa kwa kasi ya boti. Chapisha mchango wa kila kipande peke yake. Kwa kawaida utaona vipande vya mbele vimebeba sehemu kubwa, na hapo fundi anajua pa kubadilisha umbo.

Nadharia hii ina udhaifu wake. Kwa mawimbi mafupi sana inakadiria chini, kwa sababu haioni mawimbi yanayorudishwa na omo. Watu huongeza sahihisho la Faltinsen la 1980 au la Fujii na Takahashi. Pia inadhani boti ni nyembamba na ubavu wake ni wima karibu na maji.

Kabla ya kuiamini kwa boti yako, ijaribu kwa umbo la Wigley, ambalo lina fomula rahisi na vipimo vya tangi vilivyofanywa Delft, Uholanzi, na Journée mwaka 1992. Ukishindwa kupata matokeo yanayofanana na hayo, kosa ni la faili yako.

Hatua ya 6: Kutoka wimbi moja hadi ziwa lenyewe

Programu inakupa ukinzani kwa wimbi moja lenye urefu mmoja. Ziwa lina mchanganyiko. Chukua spektra ya JONSWAP (mchoro wa jinsi nishati ya mawimbi inavyogawanyika kwa kila marudio) yenye H na T za hatua ya 1, zidisha na mchoro wa ukinzani kwa kila marudio, jumlisha, kisha zidisha kwa 2.

Ili kuona ukubwa wa jambo bila kusubiri programu, tumia mgawo usio na vipimo, σ = R ÷ (ρgζ²B²/L), ambapo ζ ni nusu ya kimo cha wimbi. Wastani kwa ziwa lenye mchanganyiko unakuwa 2 × σ × (ρgB²/L) × (H/4)². Kwa boti yetu ρgB²/L ni karibu 3,556. Tuseme wastani wa σ kwa mawimbi ya alasiri ni 3, na kwa ya dhoruba, yaliyo karibu na kilele, ni 6. Zako utazipata kwenye hatua ya 5. Alasiri inatoka nyutoni 450. Dhoruba inatoka 720, ingawa mawimbi yake ni mafupi kwa kimo.

Hatua ya 7: Uigaji kamili wa mtiririko, ukilazimika

OpenFOAM, programu ya kuiga mtiririko wa maji, ni ya bure, na inashughulikia mawimbi yanayovunjika na maji yanayorukia omoni, vitu ambavyo nadharia ya vipande haivioni. Gharama yake ni muda. Sipendekezi uifanye kwa kila hali. Chagua mawimbi mawili au matatu karibu na kilele, utumie matokeo kusahihisha mchoro wa hatua ya 5.

Fanya tangi tupu kwanza. Weka wimbi lipite bila boti, uone kama kimo chake kinafika mahali boti itakapokaa. Wavu, yaani mgawanyo wa maji katika seli ndogo za hesabu, ukiwa mpana sana wimbi linakufa njiani, na utasifu umbo la boti ambayo haikuguswa. Anza na seli 80 kwa urefu wa wimbi na 20 kwa kimo chake. Kwa wimbi la mita 10.2 lenye kimo cha mita 0.4 hizo ni sentimita 13 kwa 2. Hatua ya muda iwe sehemu moja ya 200 ya kipindi cha kukutana, karibu sekunde 0.007. Nyuma ya boti acha nafasi ya urefu wa boti mara tatu au zaidi, na eneo la kumeza mawimbi mwishoni.

Endesha maji matulivu kwenye wavu uleule, kisha toa. Ukichukua maji matulivu kutoka fomula na mawimbi kutoka kwa OpenFOAM, tofauti utakayopata itakuwa na makosa ya njia zote mbili. Wastani uchukue kwa vipindi kamili vya kukutana, ukiacha vile vya mwanzo ambapo boti bado inatulia. Rudia kwa nyavu tatu, kila moja ikiwa laini kuliko nyingine kwa √2. Na uiwekee programu ihifadhi hali kila kipindi, maana stima ikipotea siku ya pili ya hesabu hutaki kuanza upya.

Hyacinth, yaani gugumaji, haimo kwenye njia yoyote kati ya hizi. Ikijaa kwenye njia yako, hesabu hizi hazisemi lolote.

Hatua ya 8: Geuza kuwa farasi

Usisahau upepo wenyewe. Dhoruba ya mita 15 kwa sekunde, jumlisha kasi ya boti, ni 18.1. Hewa ya Kisumu, kwa mwinuko wa mita 1,134, ina kama kilo 1.03 kwa mita ya ujazo. Watu waliokaa, mizigo na turubai wakiwa na eneo la mita za mraba 3 na mgawo wa 0.9, unapata nyutoni 460.

Jumla kwenye dhoruba: 350 + 720 + 460 = 1,530. Zidisha kwa 3.1, gawanya kwa ufanisi wa propela wa 0.45, unapata kilowati 10.5, sawa na farasi 14. Siku ya utulivu boti hiyohiyo inataka kilowati 2.4 tu.

Injini ya farasi 15 inaonekana kutosha, lakini farasi hizo zilipimwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Kwa mwinuko wetu injini ya petroli isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja ya kumi, zinabaki 13.5. Boti haitashika noti 6. Itashuka hadi pale nguvu zinapolingana. Rudia hatua ya 2 hadi ya 8 kwa mita 2.5 kwa sekunde, kisha 2.0, uchore mstari wa nguvu inayotakiwa na ule wa nguvu iliyopo. Pale inapokatana ndipo kasi ya kupangia safari na petroli.

Kisha kapime. Chagua asubuhi shwari na alasiri yenye upepo, watu na mizigo uleule, simu yenye GPS, na mtungi wa petroli wenye alama za lita. Nenda na urudi kwenye mstari mmoja ili mkondo wa maji ujifute, kaba ikiwa haijaguswa. Kimo cha mawimbi kisome kwenye mti uliochorwa alama kila sentimita 10 na kusimikwa mbali na gati, kwa dakika 20, na uandike kila kilele na kila bonde.